Shikamoo Nisiyostahili

Ijumaa, jioni. Mawingu yametanda juu ya Kilindoni tangu asubuhi na mvua imekataa kunyesha. Nguo nilizofua juzi bado zina unyevu. Nimekaa chumbani kwangu, mlango nimeutia komeo ingawa nje watoto bado wanacheza, na sentensi ya kwanza ya leo kwenye shajara hii ya mtandaoni nimeiandika mara nne na kuifuta mara nne.

Hii ni ya tano.

Nimemdanganya mtu kwenye drafti.

Najua ukisoma hivyo unaweza kucheka. Mimi mwenyewe nimejaribu kucheka tangu Jumamosi. Nimejiambia kwamba ni mchezo tu, vizibo vya soda juu ya ubao uliopakwa rangi ya mlango, na kwamba duniani kuna watu wanaofanya makubwa na wanalala usingizi wao. Mimi usingizi sijaupata vizuri kwa siku sita.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni karani katika ofisi moja hapa Mafia. Kazi yangu ni kupokea fomu za leseni za vyombo vya uvuvi, kukagua kama zimejazwa sawasawa, na kuziingiza kwenye kompyuta. Nilikuja kutoka Tabora miezi minane iliyopita. Bahari nilivuka nikiwa nimefumba macho kuanzia Nyamisati mpaka gatini. Naogopa bahari. Naogopa pia simu za bosi, barua zenye neno "haraka" na mbwa wasiobweka. Majina yote ninayoyaandika humu nimeyabadilisha, kwa sababu na hilo naliogopa.

Kitu ambacho sikuwahi kukiogopa ni drafti.

Nilijifunza bwenini, kwenye ubao tuliouchora kwa kalamu nyuma ya mlango wa kabati. Napenda kwamba kila kitu kiko mbele ya macho. Hakuna karata iliyofichwa mkononi, hakuna bahati. Ukifungwa, umefungwa na akili ya mtu, na unaweza kurudi chumbani ukatafuta ni wapi ulikosea. Kwa mtu wa wasiwasi kama mimi hiyo ni raha kubwa. Nina daftari la mistari ambalo ndani yake nimechora kila mchezo niliocheza tangu nifike kisiwani. Kete zangu ni misalaba, za mwenzangu ni duara. Chini ya mchoro naandika nani amekula ngapi na zamu ni ya nani. Watu wengine wanakusanya stempu.

Wiki zangu za kwanza hapa sikuwa na mtu wa kuongea naye nje ya ofisi. Jumamosi moja nilipita mbele ya baraza la Fundi Shamte, fundi cherehani aliye karibu na njia ya kwenda sokoni, nikaona wanaume wamezunguka benchi. Nilisimama kwa mbali. Mmoja wao, bila kuinua kichwa, akauliza, "Unaangalia au unajifunza?"

Huyo alikuwa Nahodha Mfaume.

Ni mtu wa Bwejuu, kisiwa kidogo ng'ambo ya hapa, umri wake umepita sitini. Ana boti yake ya mashine, na huleta samaki Kilindoni mara kadhaa kwa wiki. Jumamosi akishamaliza biashara yake huja barazani kwa Fundi Shamte kucheza, na hucheza mpaka baada ya alasiri kabla ya kurudi kwao. Hacheki anapokutania. Huo ndio ubaya wake. Nikichelewa kucheza ananiambia, "Karani, hapa hakuna kiambatisho. Cheza." Nikirudisha mkono baada ya kugusa kete, anauliza kama kete hiyo nimeiandikia barua ya maombi. Siku moja alimweleza Fundi Shamte, nikiwa nimekaa pale pale, kwamba watu wa bara hucheza drafti kama wanavuka barabara: wanaangalia kulia, wanaangalia kushoto, halafu wanabaki pale pale.

Nilicheka hadi machozi. Ndiyo mara ya kwanza nilipojiona nina mahali kisiwani.

Barazani hatuchezei fedha. Fundi Shamte haruhusu, anasema fedha zitaleta ugomvi kwenye nguo za wateja. Dau letu ni shikamoo. Ukifungwa mchezo wa mwisho wa Jumamosi, utamwamkia aliyekufunga kila mtakapokutana, popote, mpaka Jumamosi inayofuata. Kuna wauza nazi wawili, marafiki wa utotoni, ambao huamkiana kwa zamu mwaka mzima, na sokoni watu wanajua nani kafungwa kwa kusikia tu nani anaanza.

Mimi na Nahodha dau hilo halikuwa na uzito, kwa sababu mimi ningemwamkia tu. Yeye mwenyewe aliligundua. "Karani anacheza bure," alisema. "Akifungwa, ananipa haki yangu." Watu wakacheka. Kisha akaongeza kwa sauti ile ile, "Lakini siku akinifunga nitamwamkia. Hata sokoni. Hata mbele ya bosi wake."

Alisema kama mtu anayeahidi kitu ambacho hakitatokea.

Miezi saba. Daftari langu linaonyesha nimemfunga mara sifuri.

Nataka kuwa mkweli hapa, maana kama si hapa sijui ni wapi. Sikumchukia. Nilitamani tu, mara moja, asione nitakachofanya. Nilikuwa nimeanza kukaribia. Mwezi uliopita alianza kufikiri muda mrefu kabla ya kucheza na mimi, na utani ukapungua, na kwa mtu wa drafti hiyo ni sifa kubwa kuliko maneno. Nadhani ndipo nilipoharibika. Nilipokuwa nafungwa vibaya nilikuwa mtu mwema.

Sasa niseme desturi ya barazani, kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa nilichofanya.

Adhana ikisikika, mchezo unaachwa ulivyo. Hakuna anayefunika ubao, hakuna anayehesabu kete. Vikombe vya kahawa vinabaki, ubao unabaki juu ya benchi, cherehani inatupiwa kitambaa, na wote tunakwenda msikitini, hatua kama sitini hivi. Tukishaswali tunarudi na kuendelea pale tulipoachia. Siku za mwanzo nilimuuliza Fundi Shamte ni nani anayebaki kulinda ubao. Alitoa pini mdomoni, akasema, "Kuulinda dhidi ya nani?"

Jumamosi iliyopita adhana ya alasiri ilitukuta katikati ya mchezo wa mwisho. Nahodha alikuwa ndiyo kwanza amecheza, zamu yangu ilikuwa inafuata. Alikuwa amenila tano, mimi nimemla nne. Kwenye mstari wake wa nyuma kabisa alikuwa na kete moja ambayo hakuisogeza tangu mwanzo. Pale barazani kete ya namna hiyo huitwa bawabu, kwa sababu inakaa nyumbani na kuzuia kete za adui zisiingie kuwa kingi, ile kete mfalme. Kete yangu moja ilikuwa imefika karibu yake na haina pa kupita. Bawabu akiwepo, nimefungwa. Bawabu akitoka hatua moja, namla, naingia kingi, mchezo wangu.

Nilichora ubao kwenye daftari haraka haraka kama kawaida yangu, nikafuata wenzangu.

Sikuswali. Nilisimama, nikarukuu, nikasujudu pamoja na safu, lakini nilikuwa namwona bawabu kila nilipofumba macho. Imamu alipotoa salamu sikungoja dua. Viatu vyangu nilikuwa nimeviweka karibu na mlango. Hilo sikulipanga, au labda nililipanga, sijui tena.

Nilifika barazani peke yangu. Kikombe cha Nahodha kilikuwa pale, nusu. Nilikinyoosha kidole changu cha shahada, kile kile nilichokiinua kwenye tahiyatu dakika tatu nyuma, na kwa ncha yake nikamsukuma bawabu hatua moja mbele.

Kizibo hakikutoa hata sauti.

Kisha nikakaa mahali pangu, nikatoa simu, nikaangalia kioo ambacho hakikuwa na kitu.

Wenzangu walirudi wakizungumza juu ya bei ya barafu. Nahodha alikunywa kahawa yake iliyopoa. Nikacheza. Nilikula bawabu, nikaingia nyumbani kwake, nikageuza kete kuwa kingi, na mikono yangu ilikuwa mitulivu kuliko inavyokuwa ninapogonga muhuri.

Aliweka kiganja juu ya ubao.

"Bawabu wangu nilimwacha nyumbani," alisema. "Mara ya mwisho nilicheza ya kulia."

Fundi Shamte aliinama kuangalia. Hakuwa na kumbukumbu yoyote, alikuwa anashona. Alisema pengine Nahodha alicheza kwa haraka kwa kuwa adhana ilikuwa inaita. Mmoja wa wale wauza nazi akasema umri huo, Nahodha, umri. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kawaida cha barazani, kisicho na ubaya.

Nahodha hakucheka. Alinigeukia. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo linalonirudia. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia saa ya ukutani.

"Karani, wewe huandika. Daftari linasemaje?"

Nililifungua daftari. Mchoro ulikuwepo. Duara la bawabu lilikuwa nyumbani, mahali pake, nimelichora kwa mkono wangu, na wino ulikuwa umekolea pale kuliko mahali pengine popote. Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema nimekosea kucheza, tukarudisha. Ningeweza hata kufanya utani.

"Linasema ametoka," nikasema.

Hakuomba kuliona. Aliondoa kiganja chake juu ya ubao.

"Kama imeandikwa, basi ni mimi," alisema.

Mchezo haukuchukua muda baada ya hapo. Alipofungwa alisimama, akajifuta mikono kwenye shuka lake, na mbele ya wote akanyoosha mgongo na kusema, "Shikamoo, Karani."

Barazani pakalipuka. Fundi Shamte alipiga makofi. Na mimi nikaitikia. Ndiyo. Nilifungua kinywa na kumwitikia mtu mwenye umri wa babu yangu.

Marahaba.

Jumapili na Jumatatu nilikaa ndani. Jumanne, saa nne asubuhi, mwanamke mmoja aliingia ofisini akaulizia fomu ya kubadilisha jina la nahodha kwenye leseni ya boti. Nilimuuliza jina la chombo na mmiliki, kama ninavyomuuliza kila mtu. Aliponitajia nikaangusha kalamu.

Ni Mwanahawa, binti mkubwa wa Nahodha Mfaume. Analima mwani kule kwao, vidole vyake vimejaa michubuko ya kamba. Alikaa akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba huu ni mwaka wa pili wanamwomba baba yao aache kwenda baharini. Wakati mmoja aliondoka bila mafuta ya akiba. Mara nyingine alimwita yeye Mwanahawa kwa jina la marehemu mama yao, kisha akasema ulimi umeteleza. Kila wakimwambia, jibu lake lilikuwa moja: nitajieni kete zote za mchezo wa Jumamosi iliyopita, mkiweza nitaacha. Wao hawawezi. Yeye alikuwa anazitaja zote, moja baada ya nyingine, mpaka wanachoka kumsikiliza.

Jumamosi alirudi nyumbani kimya. Alikula kidogo. Halafu akawaambia watoto wake, "Nimetoa kete kwa mkono wangu na sikumbuki. Leteni hiyo fomu."

Mwanahawa alikuwa anatabasamu akinieleza. Alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aliposimama kuondoka alisema amesikia kwamba mimi ndiye niliyemfunga baba yake, na kwamba alikuwa ameniombea dua. "Wewe umetusaidia, kaka yangu, hujui tu."

Nilimpa fomu. Nikamweleza viambatisho. Nikamwambia mwenye chombo lazima aje mwenyewe kusaini.

Tangu hapo nikaanza kujitetea kichwani, na ninaandika utetezi huo hapa ili niuone ulivyo. Nilijiambia labda nimemwokoa. Mtu anayesahau mafuta anaweza kusahau mwamba. Siku akizama, je, kile kidole changu hakingekuwa heri? Kwa siku tatu nilijifunika wazo hilo kama shuka. Lina joto, kweli. Lakini kila nikijigeuza miguu inabaki nje, kwa sababu mimi sikumsogeza bawabu kwa ajili ya mwamba wala mafuta. Nilimsogeza ili niitikie marahaba.

Jumatano nilipita dikoni, pale boti zinaposhushia samaki, kununua dagaa. Nahodha alikuwa pale kati ya wachuuzi, anashusha vikapu. Nilitaka kugeuka. Aliniona, akaweka kapu chini, akasimama vizuri.

"Shikamoo, Karani."

Wachuuzi wakageuka. Wao si watu wa barazani, hawajui dau. Wameona tu mzee anamwamkia kijana mwenye shati la kuchomekea. Mama mmoja muuza pweza alisonya kwa sauti ambayo niliisikia mpaka kwenye meno. Nahodha hakujali. Alikuwa amelipa dau lake, akainamia kapu lake. Mimi nilitikisa kichwa tu, nikaondoka bila dagaa.

Leo asubuhi walikuja wote wawili.

Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa na kofia iliyonyooshwa kwa uwanga. Alivua viatu mlangoni kwangu, jambo ambalo hakuna mtu analolifanya katika ofisi ile yenye sakafu ya saruji iliyopasuka. Nilikuwa nimejiandaa kuwaambia mtandao umekatika. Kwa kweli niliamka nikiwa na sentensi hiyo tayari. Lakini Mwanahawa alifungua bahasha akakuta amesahau kutoa kopi ya kitambulisho, akaniuliza wapi wanatoa kopi, nikamwelekeza duka la ng'ambo ya barabara. Akatoka.

Tukabaki mimi na yeye na fomu katikati ya meza.

"Shikamoo, Karani," akasema.

Ile ilikuwa mara ya tatu. Nikafungua kinywa na neno halikutoka. Alingoja. Kwa mila zetu shikamoo ikitolewa, mtu hungoja. Nje pikipiki ilipita, ikaja nyingine, na bado alikuwa anangoja, kofia yake imenyooka, na mimi nilikuwa naangalia mahali kwenye fomu palipoandikwa "Saini ya mmiliki".

"Nahodha," nikasema, "bawabu nilimsogeza mimi."

Aliinua macho akaniangalia.

"Nilitoka msikitini kabla ya dua. Nikamsogeza. Na daftari nililisoma uongo. Limeandikwa yuko nyumbani."

Niliingiza mkono kwenye mkoba kutoa daftari, kwa sababu nimelibeba wiki nzima kama mtu anayebeba cheti cha hospitali. Akaninyooshea kiganja, kile kile cha Jumamosi.

"Usinionyeshe."

Aligeuza fomu upande wa nyuma, upande mweupe. Akaniomba kalamu. Akachora ubao, mistari haikunyooka sana, kisha akaanza kuweka alama. Hakuwa na haraka. Duara, duara, msalaba. Aliposita kwenye kona moja, nilijikuta nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Sijawahi kumwombea mtu kwenye mtihani kama nilivyomwombea. Akaweka maduara mawili ya mwisho, na moja kati ya hayo lilikuwa bawabu, nyumbani.

"Haya," akasema. "Sasa fungua."

Nililiweka daftari kando ya fomu. Nilikagua kama ninavyokagua fomu za watu, mraba baada ya mraba. Kila duara lilikuwa mahali pake. Misalaba yangu ndiyo haikulingana: yeye aliweka saba, mchoro wangu una sita.

Amesahau, nikawaza. Kisha nikasoma maneno yangu mwenyewe chini ya mchoro: "Nahodha amenila tano." Kumi na mbili toa tano ni saba. Kete moja niliisahau mimi, kwa haraka ya adhana. Mimi wa daftari.

Nilimwambia. Alivuta pumzi ndefu mpaka mabega yakapanda, akaishusha polepole. Sikuona furaha usoni mwake. Niliona mtu aliyepapasa mfukoni akakuta ufunguo bado upo.

"Siku sita," alisema. "Nimeamka siku sita najiuliza ni kipi kingine nimesahau. Nilikuwa nahesabu wajukuu."

Nilianza kuomba msamaha. Ninayo maneno mengi ya kuomba msamaha, nimesoma. Alinikatiza kwa kukunja fomu mara mbili na kuitia mfukoni mwa kanzu.

Mwanahawa akaingia na kopi mkononi. Akaangalia meza isiyo na fomu, akamwangalia baba yake, akaniangalia mimi. Akauliza kama tayari amesaini.

"Karani atakueleza," Nahodha akasema.

Nikamweleza. Ilinibidi niseme yote tena, na safari hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu nilikuwa naona tabasamu la Jumanne likitoka usoni kwake kidogo kidogo. Nilipomaliza, alizikunja zile kopi kama baba yake alivyoikunja fomu. Hakupaza sauti.

"Mimi nilikuombea dua," akasema.

Sina la kuandika juu ya sentensi hiyo. Nimeiacha hapo.

Akamgeukia baba yake, akamkumbusha mafuta. Akamkumbusha na lile jina la mama. Alimwambia hayo yalitokea, baba, hayo hayakuwa ya kete. Nahodha aliitikia kwa kichwa. Alisema ni kweli, yalitokea. Alisema ya bahari watayazungumza nyumbani, yeye na wanawe, na huenda akaacha, huenda akaacha hata mwezi huu.

"Lakini si kwa kete yako," akaniambia.

Kisha akanieleza ninachotakiwa kufanya, kwa ufupi, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kesho, baada ya alasiri, nisimame pale pale nilipokuwa nimekaa Jumamosi. Nisiseme kwake, yeye ameshasikia. Niwaambie wale. Waliosikia daftari walikuwa wengi, na wote wameondoka pale wakijua kwamba Nahodha Mfaume anasahau. Tangu Jumamosi, alisema, watu wameanza kumwambia kila neno mara mbili mbili. Jana mtu mmoja alimshika mkono kumvusha ubao wa gati.

Alikwenda mlangoni kuvaa viatu. Nilisimama. Nilijua dau lilikuwa la uongo tangu mwanzo, kwa hiyo shikamoo zote tatu zilikuwa za kwangu kutoa, na hata moja sikuwa nimetoa.

"Shikamoo, Nahodha," nikasema.

Alisimama, kiatu kimoja mguuni. Niliona mgongo wake kwenye kanzu nyeupe, na mkono wake kwenye fremu ya mlango. Nilingoja kama yeye alivyoningoja.

Akavaa kiatu cha pili, akatoka.

Sasa ni jioni. Nimejaribu kuandika kwenye karatasi nitakachosema kesho, ili nisitetemeke. Nimeichana. Nadhani nimeshasoma vya kutosha mbele ya watu wale. Nitasema tu. Najua Fundi Shamte atatoa pini mdomoni. Najua pengine hawatanicheka wala kunitukana, watanyamaza tu na kupisha, na kuanzia wiki ijayo mtu mmoja atabaki kwenye benchi wakati wa kuswali, kulinda ubao. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kabla yangu hawakuhitaji mlinzi.

Nimefikiria kuugua. Nimefikiria kazi za ofisini ambazo zinaweza kunishika kesho. Nimeziorodhesha, ziko nyingi.

Lakini daftari nimeliweka juu ya viatu, pale mlangoni, nisije nikatoka bila yake. Na nimeurekebisha ule mchoro: nimeongeza msalaba wa saba, mahali alipouweka yeye.

Kesho nitakwenda mapema, kabla ya adhana. Nitamwamkia Nahodha mbele ya wote, asipoitikia nitamwamkia tena Jumamosi nyingine, na dikoni, na popote. Je, ataitikia?